Upande wa Kulia

Wote huanza kwa kuona haya.
Mtu mzima, kofia mkononi, mlangoni pa karakana yangu huku El Alto,
hutazama kama kuna anayepita,
kisha huliigiza gari lake kwa mdomo.
Kuna mwalimu aliyenililia kama mbuzi.
Kuna kasisi aliyepiga mluzi wa puani.
Huyu, Don Froilán Huarachi, msambaza mikate,
alivimbisha mashavu, akauma meno,
akatoa mchanga ndani ya debe:
grrra-ta-ta, grrra.
"Nikikanyaga mafuta tu. Nikiachia, kimya."

Hapo ndipo pa kushika.
Ugonjwa wenye saa zake una anwani.

Alikwisha kupita kwa mafundi watatu.
Wa kwanza alimbadilishia plagi.
Wa pili, beringi ya gurudumu, tena la upande usiolia.
Wa tatu alimwaga oili ya giaboksi, akasema ni hewa:
"Mita elfu nne juu, hata injini huhema."
Wote walilipwa.
Fundi akishindwa, husingizia mlima.

Sikufungua boneti. Niliomba ufunguo.
Nikazima redio, nikashusha vioo,
baridi ikaingia, ikakuta harufu ya chachu.
Kwenye tambarare, gia ya tatu: hamna.
Nikakata kona hadi sukani ikagota: hamna.
Nyutro, nikaikoroga injini palepale: hamna.
Kisha mlimani, gia ya pili, makapu yamejaa nyuma,
mguu chini,
grrra-ta-ta.
Froilán akapiga goti lake kwa furaha.
"Mke wangu husema naota!"

Tuliporudi nikaweka mawe mbele ya magurudumu,
nikamkalisha yeye kwenye sukani:
breki ya mkono juu, gia ya kwanza,
klachi iachie unywele mmoja.
Mimi ubavuni. Mbele ya gari sisimami,
nina kidole kifupi kinachonikumbusha.

Injini ikainuka.
Haikutetemeka, iliinuka,
kama mgonjwa anayetoroka kitandani.
Raba ya maunti ya nyuma ilikuwa imechanika, mdomo wazi;
injini ikivuta inalalia nyuma,
na bomba la ekzosi linaifuata.

Linaifuata hadi wapi?
Hilo lilinila saa nzima, mgongo sakafuni, tochi mdomoni.
Kutu, kutu, matope ya Jumapili, kutu.
Ila doa moja, upana wa ukucha,
linang'aa kama kijiko.

Ulimi wa chuma, upande wa kulia,
mashimo mawili ya bolti, hayashiki kitu.
Nikacheka peke yangu kule chini.
Gari hili lilizaliwa Japani, sukani kulia.
Kabla ya kuuzwa kwetu tunaokaa kushoto,
kuna yadi, kuna watu, kuna haraka:
walipasua dashibodi, wakavusha sukani, pedali, nyaya,
tundu wakaliziba kwa bati na lami.
Ulimi uliobeba sukani ya kwanza
hakuna aliyekumbuka kuukata.
Miaka kumi na tisa haukumgusa mtu.
Raba ilipochoka, ekzosi ikaja kuupigia hodi.

Maunti mpya, boliviano mia mbili na themanini.
Kuukata ulimi, dakika nne za cheche.

"Basi kosa lilikuwa lipi?"
Nikamwambia raba. Nikamwambia pia ulimi.
Hakulipenda jibu.
Aliyelipa mafundi wanne anataka mkosaji mmoja.
Nikamfungia kile kipande katika kitambaa, kingali cha moto,
akakitia mfukoni, akaruka, akakitoa.

Akaondoka akipanda, gia ya pili, mguu chini.
Nikamfuata kwa sikio la kushoto, ndilo zima.
Kimya.
Kimya.
Kwenye tuta, kitu kidogo: kwi, kwi, kwi.

Makapu ya mikate.
Hayo si yangu.